Mlezi Akiondoka, Mali Inabaki kwa Nani? Mgawo wa mali ya serikali katika visiwa vya Mikronesia

Juu ya kilima kisiwani Saipan, magharibi mwa Bahari ya Pasifiki, kuna majengo ya serikali ambayo yamepita katika mikono mitatu bila kuuzwa. Yalijengwa miaka ya 1950 na shirika la ujasusi la Marekani, CIA, likijificha nyuma ya jina la kituo cha mafunzo ya ufundi cha Jeshi la Majini. Humo walifundishwa wapiganaji wa msituni waliotarajiwa kurudi Uchina kupambana na serikali ya Mao. Mwaka 1962 CIA ikafungasha virago, ikaingia serikali ya Eneo la Udhamini la Visiwa vya Pasifiki, yaani visiwa ambavyo Marekani ilivisimamia chini ya mpango wa Umoja wa Mataifa. Nayo serikali hiyo ilipovunjwa, majengo yakaenda kwa wenyeji, Jumuiya ya Visiwa vya Mariana Kaskazini, ambao hadi leo wanaendeshea humo shughuli za serikali yao. Mahali penyewe panaitwa Capitol Hill.

Kwa majengo yale makabidhiano yalikuwa mepesi: aliyekuwemo alitoka, aliyefuata akaingia. Kwa mali nyingine mambo hayakwenda hivyo. Kulikuwa na meli, magari, jenereta, viwanja vya ndege, hospitali, mashamba, majalada ya ofisi, hata akiba za pensheni. Kati ya mwaka 1974 na 1994 Marekani ilitakiwa kuikabidhi mali hiyo yote, iliyolimbikizwa kwa karibu nusu karne katika visiwa zaidi ya 2,000, na ikabidhi kwa serikali nne badala ya moja.

Watu wengi wakisikia habari hizi hudhani suala ni ukarimu tu: je, mkubwa alitoa au alinyima? Mimi naona swali hilo halifiki mbali. Marekani ilitoa vitu vingi. Cha kuangalia ni nini kiliambatana na kila hati iliyotolewa: masharti gani, gharama gani, na madeni ya nani.

Eneo lenyewe

Msomaji wa Tanzania hatasumbuka kuelewa udhamini ni nini. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Umoja wa Mataifa uliweka maeneo 11 chini ya mpango huo. Tanganyika ilikuwa mojawapo, ikisimamiwa na Uingereza. Ruanda-Urundi ilisimamiwa na Ubelgiji. Mwalimu Nyerere aliweza kwenda New York Machi 1955 kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini kwa sababu nchi yake haikuwa koloni la kawaida. Mlezi alikuwa na mtu wa kumuuliza maswali.

Visiwa vya Mikronesia navyo viliingia katika mpango huo huo, lakini kwa namna ya peke yake. Kati ya maeneo yote 11, hilo ndilo pekee lililopewa hadhi ya kimkakati, na kwa sababu hiyo hatima yake ilikuwa mikononi mwa Baraza la Usalama, ambako Marekani ina kura ya turufu. Mkataba wa udhamini ulianza kutumika Julai 18, 1947. Jeshi la Majini lilitawala hadi 1951, kisha usimamizi ukahamia Wizara ya Mambo ya Ndani ya Marekani (ambayo, tofauti na wizara za jina hilo huku kwetu, haina habari na polisi, kazi yake ni ardhi ya umma, hifadhi na maeneo ya ng'ambo). Sehemu kubwa ya Mariana ilirudishwa tena jeshini kati ya 1953 na 1962, na hapo ndipo CIA ilipopata nafasi ya kujenga bila kuulizwa.

Mkuu wa serikali aliitwa Kamishna Mkuu. Chini yake kulikuwa na wilaya sita: Mariana, Yap, Palau, Truk ambayo leo ni Chuuk, Ponape ambayo leo ni Pohnpei, na Marshall. Kosrae ilitengwa na Ponape mwaka 1977. Wilaya hizo hazikuwa na lugha moja wala historia moja ya kisiasa zaidi ya kutawaliwa na wageni wale wale: Wahispania, Wajerumani, Wajapani, halafu Wamarekani. Ulipofika wakati wa kujitawala, kila upande ukashika njia yake. Mariana Kaskazini ilichagua kuungana na Marekani. Mkataba wake ulipigiwa kura Juni 1975 na kuungwa mkono na zaidi ya asilimia 78, na katiba yake ikaanza Januari 9, 1978. Visiwa vya Marshall vikaanza katiba yao Mei 1, 1979. Siku tisa baadaye Yap, Chuuk, Pohnpei na Kosrae zikawa Shirikisho la Mikronesia. Palau ikafuata Januari 1, 1981. Hizi tatu za mwisho zilichagua kuwa nchi zenye ushirika huru na Marekani: zinajitawala, ila ulinzi umeachiwa Washington.

Sasa tazama tarehe. Serikali mpya zilianza kazi kati ya 1978 na 1981, lakini udhamini wenyewe haukuisha hapo. Mikataba ya ushirika huru ya Marshall na Mikronesia ilianza kutumika Oktoba na Novemba 1986, Baraza la Usalama likaufuta udhamini kwa upande wao na wa Mariana Desemba 1990, na Palau ikasubiri hadi Oktoba 1994. Kwa miaka kadhaa, basi, kisiwa kimoja kilikuwa na serikali iliyochaguliwa na wananchi na juu yake Kamishna Mkuu ambaye bado alikuwa na sahihi yenye nguvu. Sehemu kubwa ya mali ilihama katika kipindi hicho cha katikati, wakati anayetoa na anayepokea wote wapo ofisini na hakuna aliye bosi kamili.

Tingatinga mbili

Kinachowachanganya wengi ni kwamba mali ya Eneo la Udhamini haikuwa mali ya serikali ya Marekani. Fedha karibu zote zilitoka kwa Bunge la Marekani, Kamishna Mkuu aliteuliwa Washington, lakini serikali ile ilikuwa na sheria zake, mahakama zake, hazina yake na mikataba yake. Marekani haikuwahi kudai kwamba visiwa vile ni nchi yake. Gari lililonunuliwa na serikali ya udhamini kwa fedha za mlipa kodi wa Marekani liliandikwa katika daftari la mali la serikali ya udhamini.

Chukua mfano wa tingatinga mbili zilizofanana rangi na chapa. Moja imeegeshwa kwenye karakana ya idara ya ujenzi ya serikali ya udhamini kisiwani Saipan. Nyingine iko kwenye kambi ya Jeshi la Majini kisiwani Guam, mwendo wa chini ya saa moja kwa ndege.

Ya Saipan inaweza kuhama kwa uamuzi wa Kamishna Mkuu baada ya mashauriano. Ya Guam haiwezi. Katiba ya Marekani inasema mali ya shirikisho iko chini ya mamlaka ya Bunge, na waziri hawezi kuigawa kwa huruma yake. Kwa hiyo inafuata sheria ya mali ya serikali ya mwaka 1949, ile ile iliyounda idara kuu ya ugavi ya serikali ya Marekani, GSA. Kwanza jeshi linatangaza kwamba halihitaji tena tingatinga hiyo. Hapo bado haijawa ya kugawiwa. Inatangazwa kwa idara nyingine za serikali kuu, na ikiwa Wizara ya Kilimo inaitaka, inaichukua. Ikikosa mwenye shida nayo ndani ya serikali yote ya shirikisho, ndipo inapohesabiwa kuwa mali ya ziada. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 1976, mali ya ziada inapitia kwa wakala wa kila jimbo, ambaye anaigawa kwa shule, hospitali, halmashauri na taasisi nyingine zinazostahili. Isipochukuliwa huko, inakwenda mnadani.

Kuna masharti pia. Anayepewa lazima akitumie kitu hicho ndani ya mwaka mmoja tangu akipokee, na aendelee kukitumia kwa walau mwaka mmoja. Kwa magari ya abiria na vitu vilivyonunuliwa kwa bei ya dola 5,000 na kuendelea, muda ni miezi 18. Akikiuza kabla ya hapo anavunja sheria. Kitu kinatolewa kama kilivyo na mahali kilipo, na nauli ya kukisafirisha ni juu ya mpokeaji. Kwa mji wa Ohio nauli ni mafuta ya lori. Kwa kisiwa kilicho siku kadhaa baharini, nauli inaweza kuipita thamani ya tingatinga yenyewe.

Guam, na baadaye Mariana Kaskazini, zilihesabiwa kama majimbo katika mpango huo, kila moja ikiwa na wakala wake. Marshall, Mikronesia na Palau zilipokuwa nchi za nje, mlango huo haukuwa tena haki yao ya kawaida. Ruhusa ilipaswa iandikwe katika sheria nyingine. Ndiyo maana mkataba wa ushirika huru uliweka kifungu cha kuzihamishia nchi hizo mali ya Marekani iliyokuwepo visiwani mwao, isipokuwa ile ambayo Marekani yenyewe ingeamua kwamba bado inaihitaji. Maneno hayo ya mwisho yana uzito wake, na tutayakuta tena mbele.

Meli, magari na makaratasi

Mkataba wa Mariana Kaskazini wa mwaka 1975 ulishughulikia mali ya serikali ya udhamini katika kifungu cha 801, na namna ulivyofanya inafaa kutazamwa kwa karibu. Mali isiyohamishika, yaani ardhi na majengo yaliyo Mariana, yote iende kwa serikali ya Mariana kabla ya udhamini kuisha au siku unapoisha, si baadaye. Mali inayohamishika igawiwe kwa haki, kwa namna ambayo serikali ya udhamini itaiamua baada ya kushauriana na wahusika wote.

Kwa nini kanuni mbili? Kwa sababu jengo halina pa kwenda, lakini gari, mtambo wa kuchapa na akiba ya bohari vinabebeka, na sehemu kubwa ya vitu hivyo ilikuwa makao makuu, yaani Saipan. Kama kanuni ingekuwa "kilipo ndipo kinapobaki", Mariana ingejikuta imekalia vifaa vilivyonunuliwa kwa ajili ya wilaya zote sita. Na Mariana ndiyo ilikuwa ya kwanza kujitoa: usimamizi wake ulitenganishwa na wilaya nyingine mwaka 1976, wakati ofisi kuu ya wilaya hizo hizo ikiendelea kukaa ndani ya ardhi yake. Mwaka 1980 Mariana haikuwa na watu 17,000, huku wilaya zilizounda Shirikisho la Mikronesia zikiwa na zaidi ya 70,000.

Haki ya namna gani, basi? Kwa idadi ya watu, Chuuk inachukua fungu kubwa. Kwa umbali, Yap na Marshall zinadai zaidi, maana watu wao wametawanyika. Kwa uhitaji, kila mmoja ana orodha yake. Mkataba haukutaja kipimo, na nadhani haukutaja makusudi. Ungetaja, usingetiwa saini.

Meli za safari za visiwani ndizo zinazoonyesha vizuri kwamba mara nyingine jiografia inaamua yenyewe. Serikali ya udhamini ilikuwa na meli zilizoitwa kwa majina yanayoanza na Micro, na kati yake Micro Spirit ikahudumia Yap, Micro Glory ikahudumia Pohnpei. Kazi yake haikuwa biashara ya faida. Meli ilizunguka kwenye visiwa vidogo ikichukua mbata na kushusha mchele, unga, mafuta ya taa na dawa. Humo alipanda mwanafunzi anayerudi shule, mgonjwa anayepelekwa hospitali, wakati mwingine jeneza. Kutoka Yap kwenyewe hadi kisiwa cha Satawal, kilicho katika jimbo hilo hilo, ni zaidi ya kilomita 800 za bahari. Meli kama hiyo haina kazi kubwa Saipan, na hakuna aliyehitaji fomula kuona inakotakiwa kwenda. Kilichohitaji fomula ni fedha za kuipeleka chelezoni kukarabatiwa, maana kabla ya hapo gharama hiyo ilikuwa kwenye bajeti ya Kamishna Mkuu, na sasa ilikuwa kwenye bajeti ya jimbo lenye watu wachache kuliko kata moja ya Dar es Salaam.

Majalada yalikuwa rahisi kuliko yote, jambo lisilotarajiwa. Kumbukumbu za ofisi haziwezi kugawanywa mara sita, lakini zinaweza kunakiliwa. Nyaraka za Eneo la Udhamini zilipigwa picha kwenye mikrofilamu, zaidi ya mikanda 2,000, na serikali mpya zikapata nakala. Ndiyo mali pekee katika mgawo wote ambayo kila mmoja aliichukua yote.

Ardhi

Hapa ndipo penye moto. Wajapani walipoondolewa mwaka 1944 na 1945, waliacha nyuma ardhi kubwa waliyoiandika kuwa ya serikali, nyingine iliyonunuliwa, nyingine iliyochukuliwa kwa nguvu, nyingine iliyotangazwa tu kwamba haina mwenyewe. Marekani iliirithi kama ilivyo. Zaidi ya nusu ya ardhi ya Eneo lote la Udhamini ilikuwa ya umma, yaani mikononi mwa serikali ya wageni.

Waliolipua suala hili ni viongozi wa Palau. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 walisema hawataendelea na mazungumzo ya hadhi ya kisiasa mpaka ardhi irudishwe kwanza. Novemba 1973 Marekani ikatangaza sera ya kuirudisha wilayani bila kusubiri mwisho wa udhamini, na Desemba 1974 Waziri wa Mambo ya Ndani akatia saini agizo namba 2969 la kutekeleza hilo. Kila wilaya ilipaswa itunge sheria ya kupokea ardhi, iunde chombo cha kuisimamia, na iheshimu mahitaji ya ulinzi ya Marekani. Kwa hiyo hata kabla ya katiba kuandikwa, wilaya zilikuwa tayari zinajifunza kuwa mwenye mali.

Lakini kurudishiwa wilaya si kurudishiwa mwenye shamba. Palau iliandika katika katiba yake kwamba ardhi iliyochukuliwa na watawala waliotangulia kwa nguvu, kwa vitisho, kwa udanganyifu au bila fidia ya haki irudishwe kwa wenyewe wa asili. Sheria ikaweka Januari 1, 1989 kuwa siku ya mwisho ya kuwasilisha madai. Ukoo ulioshindwa kuleta ramani, shahidi au hata jina la babu aliyenyang'anywa, ulibaki ukibishana na mamlaka ya ardhi ya serikali yao wenyewe, mahakamani, kwa miaka mingi baadaye. Mdaiwa alikuwa amebadilika.

Mariana ilifanya vingine. Katiba yake inasema ardhi ya umma ni mali ya pamoja ya watu wenye asili ya Mariana Kaskazini, yaani Wachamorro na Wakarolinia, na ikaunda shirika la umma la kuisimamia. Mkataba wa 1975 ukaongeza kizuizi: asiye na asili hiyo haruhusiwi kumiliki ardhi moja kwa moja, anaweza kukodi tu. Raia wa Marekani kutoka California akihamia Saipan, nchi ile ile ya bendera ile ile, hawezi kununua kiwanja. Kuna wanaoona huo ni ubaguzi. Kwa wenyeji walioshuhudia Tinian ikigeuzwa shamba la miwa la kampuni ya Kijapani, ni kinga.

Kwenye Visiwa vya Marshall tatizo lilikuwa kinyume. Huko karibu ardhi yote ni ya kimila, na kila kipande kina watu wa ngazi tatu wenye haki juu yake: iroij, yaani chifu, alap, mkuu wa ukoo, na dri-jerbal, wanaoifanyia kazi. Serikali mpya ilirithi shule na zahanati lakini haikurithi udongo zilikosimama. Kila jengo la umma likawa na mwenye nyumba wa kuongea naye.

Kilichobaki kwa aliyeondoka

Yale maneno ya "isipokuwa ile inayohitajika bado" yanasomeka vizuri zaidi Tinian. Ni kisiwa ambacho ndege ya Enola Gay iliondoka Agosti 6, 1945 kwenda kudondosha bomu Hiroshima. Sura ya mali ya mkataba wa 1975, baada ya kuipa Mariana ardhi yote ya serikali ya udhamini katika kifungu cha 801, inaendelea katika kifungu cha 802 kuitaka Mariana hiyo hiyo iikodishe Marekani ekari 17,799 za Tinian, takriban theluthi mbili ya kisiwa. Ekari 177 katika bandari ya Tanapag, Saipan. Na kisiwa kizima cha Farallon de Medinilla, ekari 206, ambacho kikawa shabaha ya mazoezi ya mabomu. Muda ni miaka 50, na Marekani ikitaka inaongeza mingine 50. Malipo ya vyote, pamoja na ile miaka 50 ya pili, yaliwekwa dola 19,520,600. Kwa Farallon de Medinilla ni dola 20,600. Kwa karne nzima.

Haikuwa siri, na wapigakura waliikubali. Hata hivyo mpangilio wenyewe unafundisha: mlezi alimpa mtoto hati, na mtoto akamkodishia mlezi papo hapo, kwa bei waliyokubaliana wakati mlezi bado ana mamlaka. Sehemu ya Tanapag, ekari 133, ilirudishwa bila malipo kuwa bustani ya kumbukumbu ya waliokufa vitani.

Mtindo huu haujafa. Mei 2025 Uingereza na Mauritius zilitia saini mkataba kuhusu visiwa vya Chagos, katika Bahari yetu ya Hindi, na humo mamlaka ya visiwa yanatajwa kwenda Mauritius wakati kambi ya Diego Garcia inakodishwa kwa miaka 99.

Jambo jingine lililobaki nyuma ni sakafu ya bahari. Mwaka 1974 Bunge la Marekani liliipa Guam, Visiwa vya Virgin na Samoa ya Marekani ardhi iliyo chini ya maji hadi maili tatu kutoka pwani. Mariana haikutajwa, kwa kuwa wakati huo bado ilikuwa chini ya udhamini. Ikadhani kifungu cha 801 kiliipa. Mahakama ya rufani ikasema hapana mwaka 2005, na ikalazimu Bunge kutunga sheria nyingine mwaka 2013 ili Mariana ipate kile ambacho Guam ilikuwa nacho kwa miaka karibu 40. Wavuvi hawakuona tofauti yoyote, lakini bila hati huwezi kutoa kibali cha kujenga gati.

Madeni nayo ni mali

Wastaafu wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki wanaijua sehemu hii kwa uchungu. Jumuiya ilivunjika 1977, mali na madeni vikagawanywa kwa makubaliano yaliyotiwa saini Arusha Mei 1984 baada ya usuluhishi wa Mswisi Victor Umbricht, na bado miaka mingi baadaye wazee walikuwa wanaandamana Dar es Salaam wakidai pensheni zao. Ndege na mabehewa yana mwenyewe siku hiyo hiyo. Mtumishi aliyefanya kazi kwa mwajiri asiyekuwepo tena hana.

Mikronesia waliliona hilo mapema. Mfuko wa hifadhi ya jamii wa Eneo la Udhamini ulianza mwaka 1968, na ulipofika wakati wa kugawana, kila serikali ikachukua wanachama wake na fungu lao. Waliofanya kazi kabla ya 1968, chini ya Jeshi la Majini au serikali ya udhamini ya mwanzo, waliwekewa mfuko wa pekee. Mkataba wa ushirika huru ukasema wazi kwamba fedha alizokuwa akizishika Kamishna Mkuu kwa niaba ya watu zitaendelea kuwa amana ya watu hao hao. Kwa muuguzi au fundi bomba wa miaka ya 1950, kifungu hicho kilikuwa na thamani kuliko meli zote.

Matengenezo hayakuwekewa kifungu kama hicho. Katika miaka ya mwisho ya udhamini Marekani ilimwaga fedha kujenga viwanja vya ndege, gati, mabomba ya maji na mitambo ya umeme, ili isije ikasemwa imeondoka mikono mitupu. Kisha vitu hivyo vikakabidhiwa kwa serikali zenye mafundi wachache, vipuri vinavyoagizwa ng'ambo, na hewa ya chumvi inayokula chuma mchana na usiku. Somo lilichelewa. Mkataba uliofanyiwa marekebisho mwaka 2003 ndio ulioamuru kwamba asilimia 5 ya ruzuku ya miundombinu ya Shirikisho la Mikronesia iwekwe kwenye mfuko wa matengenezo, na Shirikisho lenyewe liweke kiasi kile kile. Lilipaswa kuwa sharti la siku ya kwanza.

Na kuna kitu kimoja ambacho hakuna daftari la mali lililojua kukiandika upande gani. Marekani ililipua mabomu 67 ya nyuklia katika Visiwa vya Marshall kati ya 1946 na 1958, mengi yake kwenye atoli, yaani mduara wa visiwa vya matumbawe, ya Enewetak. Kwenye kisiwa cha Runit, katika shimo lililoachwa na mlipuko uliopewa jina la Cactus mwaka 1958, wanajeshi walimwaga udongo na vifusi vyenye mionzi, zaidi ya mita za ujazo 70,000, kati ya 1977 na 1980, wakafunika kwa kuba la zege lenye unene wa kama sentimita 45. Chini hapakutandikwa chochote. Maji ya bahari yanapita kwenye matumbawe yakipanda na kushuka kwa kujaa na kupwa kwa maji.

Mkataba wa ushirika huru ulipoanza kutumika 1986, makubaliano yaliyoambatana nao yalimaliza madai yote ya nyuklia kwa mfuko wa dola milioni 150, na yakaipa serikali ya Marshall wajibu wa kudhibiti matumizi ya maeneo yaliyoathirika. Kwa tafsiri hiyo Runit ni ya Marshall, kuba na vilivyomo. Mwaka 2012 Bunge la Marekani likatunga sheria inayoitaka Wizara ya Nishati ikague kuba na kupima maji yaliyo chini yake, kazi ambayo kwa kawaida hufanywa na mwenye kitu. Mahakama maalumu ya madai iliyoundwa chini ya makubaliano hayo ilikwisha kutoa tuzo zinazozidi dola bilioni 2, na sehemu kubwa ya tuzo hizo haijalipwa, kwa sababu mfuko uliopaswa kuzilipa uliisha.